Wito au mshahara mnono: jibu kwa mwalimu wa watoto viziwi, Tanga

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Makorora, Tanga mjini, na mtoto wangu wa miaka minne. Nafundisha watoto viziwi katika kituo cha binafsi, huu ni mwaka wa sita. Kazi hii naipenda mno. Mtoto analetwa hana lugha hata moja, baada ya miezi anakuuliza maswali kwa mikono yake. Mshahara ni 620,000 kabla ya makato na mara nyingi unachelewa wiki mbili, tatu. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu nao wananikata. Mwaka jana mama yangu mzazi alilazwa hospitali ya Bombo, nikaingia kwenye mkopo wa kausha damu. Sasa nadaiwa kama milioni moja na laki nane, na riba inapanda. Kuna mkandarasi katika mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani ananipa ukarani wa stoo kwa 1,450,000, mkataba wa miaka miwili, siku sita kwa wiki. Gari la wafanyakazi linapita mtaani saa kumi na moja alfajiri, linarudisha watu saa moja usiku. Sasa hivi natoka nyumbani saa moja asubuhi, saa tisa na nusu nimesharudi. Nimepewa siku kumi nijibu. Mama anasema nisichelewe hata siku moja. Mwenzangu kazini analia, ananiuliza watoto nawaachia nani. Wengine wanasema pesa haileti furaha, nifuate moyo. Nikienda najiona msaliti, nikibaki najiona mjinga. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa deni. Ukiweka kando machozi ya mwenzako na haraka ya mama, naona umebeba mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Una deni linalokukosesha usingizi, na una kazi unayoipenda isiyolipa vya kutosha. Ofa ya Chongoleani imekuja kama dawa ya yote mawili kwa mpigo, ndiyo maana kuikataa kunaonekana ujinga na kuikubali kunaonekana usaliti. Lakini deni ni jambo la miezi, na kazi ni jambo la miaka. Ningependa tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake.

Nianze na hao wanaokuambia pesa haileti furaha. Wana nia njema, ila kwa mtu anayedaiwa maneno hayo si ya kweli. Yalipata nguvu mwaka 2010, pale Daniel Kahneman na Angus Deaton walipochapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba hisia njema za kila siku huacha kupanda mtu akishafikisha dola 75,000 hivi kwa mwaka. Kilichoenea mitaani ni hilo la kuacha kupanda. Dola 75,000 ikasahaulika, na ikasahaulika pia kwamba chini ya hapo utafiti uleule ulikuta kipato kidogo kinayafanya machungu ya ugonjwa na upweke kuwa makali zaidi. Baadaye, mwaka 2023, Kahneman alishirikiana na Matthew Killingsworth, aliyekuwa amepata majibu tofauti na yake, pamoja na Barbara Mellers. Wakakubaliana kwamba kwa watu wengi furaha na kipato huendelea kupanda pamoja. Wasiofaidika wakishapita kiwango fulani ni kundi dogo la wenye huzuni nzito ambayo pesa haiwezi kuiondoa. Kwa hiyo kutaka mshahara mkubwa hakukuondolei utu. Na hicho unachokiona kama udhaifu wa moyo wako, kwamba umeanza kuitazama kazi unayoipenda kwa jicho la hesabu, kina sababu inayoeleweka.

Deni linakula nafasi kichwani. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti waliofanya pamoja na wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima hawa hulipwa baada ya mavuno, hivyo mtu yuleyule huwa mkavu kabla na mwenye nafuu baada. Walipopewa mazoezi ya kufikiri, kabla ya mavuno walifanya vibaya kuliko walivyofanya wao wenyewe baada ya kulipwa. Akili zao hazikuwa zimepungua. Sehemu kubwa ya mawazo ilikuwa imekwenda kwenye shida za pesa. Hali yako ni hiyo. Unafundisha huku unahesabu siku ya marejesho, na katika hali hiyo ofa yoyote yenye tarakimu kubwa huonekana ndiyo mlango pekee. Ndiyo maana nataka hesabu tuifanye kwenye karatasi, tusiifanye kichwani saa nane za usiku.

Kuna kauli ya pili inayoumiza watu wema zaidi ya ile ya kwanza: fuata moyo, pesa itakuja yenyewe. Haiji yenyewe. Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichunguza watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Walioiona kazi yao kama wito waliona maana kubwa katika maisha yao, na haohao walikuwa tayari kuachia pesa, muda na starehe kwa ajili ya kazi. Watafiti wakaonya kwamba mtu wa namna hii ni rahisi kwa mwajiri kumtumia vibaya. Sasa rudi kwenye barua yako. Mshahara unachelewa wiki tatu, nawe umeutaja kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Hujaniambia kama umewahi kudai tarehe maalumu ya kulipwa, wala kama umewahi kuomba nyongeza katika miaka hii sita. Mapenzi yako kwa wale watoto ndiyo yamekuwa yakiziba pengo la bajeti ya kituo. Hilo lina mwisho wake, na naona umeukaribia.

Twende kwenye hesabu. Nitachukua kwamba unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, na nitatumia viwango vya kodi ya mshahara vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021. Kwenye 620,000, NSSF ni 62,000. Kodi hukatwa kwenye kinachobaki, yaani 558,000, nayo inafika 27,600. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15, ambayo ni 93,000. Mkononi inabaki 437,400. Kwenye 1,450,000, NSSF ni 145,000, kodi 219,500, Bodi 217,500. Mkononi inabaki 868,000. Mshahara umepanda kwa 830,000, mfukoni imeingia nyongeza ya 430,600. Sisemi hiyo iliyokatwa imepotea yote. Ya NSSF ni akiba yako, na deni la Bodi litaisha mapema zaidi, hiyo ni faida halisi ya kazi mpya na uihesabu. Ila mtu akikuambia mshahara wako utakuwa zaidi ya mara mbili, ujue kwamba chakula, kodi ya nyumba na marejesho ya kausha damu vinalipwa na 868,000, havilipwi na 1,450,000.

Halafu kuna mtoto. Saa kumi na moja alfajiri hakuna chekechea iliyofunguliwa, na saa moja usiku mtoto wa miaka minne anasinzia. Utahitaji dada wa kukaa naye tangu asubuhi hadi usiku, umlipe na umlishe. Tukiweka 150,000 kwa mwezi kwa yote mawili, nyongeza yako imebaki kama 280,000. Labda mama anaweza kumlea, lakini ni mama huyuhuyu aliyelazwa mwaka jana. Mwulize kwa utulivu, na usikubali jibu la kwanza la ujasiri.

Tupime na muda. Leo unakuwa nje ya nyumba saa nane na nusu kwa siku, siku tano, sawa na saa 184 hivi kwa mwezi. Gawanya 437,400 kwa saa hizo, unapata kama shilingi 2,380 kwa saa. Kule utakuwa nje saa 14 kwa siku, siku sita, sawa na saa 364 kwa mwezi. Gawanya 868,000, unapata kama shilingi 2,380. Ni kilekile. Ukitoa malipo ya dada wa kazi, saa yako moja ya Chongoleani inakulipa pungufu ya saa yako moja ya darasani. Huyu mkandarasi hajaipandisha thamani ya saa zako, amenunua saa nyingi zaidi. Wakati mwingine kuuza saa nyingi ni jambo la busara, hasa mtu akiwa na deni na lengo lenye tarehe. Ila ujue ndicho unachokiuza, na kwamba wa kwanza kuzikosa saa hizo ni mwanao. Watafiti wa safari za kazini, kama Alois Stutzer na Bruno Frey waliotumia takwimu za Ujerumani, wamekuta kwamba watu wenye safari ndefu huridhika kidogo na maisha kuliko wengine, na mshahara haulifidii pengo hilo lote. Mshahara mpya tunauzoea upesi. Alfajiri ya barabarani haizoeleki hivyo.

Hapo panaleta swali la sheria, na nakusihi usilipite. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi asiye wa menejimenti. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na haziruhusiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Tuseme gari linatumia saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kuna saa moja ya mapumziko. Zinabaki saa 11 za kazi kwa siku, 66 kwa wiki. Hiyo ni saa 21 za ziada kila wiki, 84 kwa wiki nne. Simtuhumu mkandarasi wako, kwani pengine gari linazunguka kuchukua watu na saa halisi za kazi ni chache. Ndiyo maana uulize, kwa maandishi: saa za kazi kwa siku ni ngapi, mshahara wa msingi ni kiasi gani ndani ya hiyo 1,450,000, na saa za ziada zimo humo au zinalipwa kando? Ikiwa mshahara wa msingi ni 800,000 na kilichobaki ni saa za ziada zilizokwisha kuhesabiwa, hiyo ni ofa tofauti kabisa na uliyonieleza.

Uliza na jingine, ambalo wengi huligundua wakishachelewa. Unaweza kujiambia, nitakwenda miezi saba au minane, nilipe deni, nirudi darasani. Mkataba wa muda maalumu hauendi hivyo. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria hiyohiyo, zinasema mfanyakazi mwenye mkataba wa muda maalumu anaweza kujiuzulu kabla ya muda pale mwajiri anapokiuka mkataba kwa kiasi kikubwa. Kama hajakiuka, ni lazima akubali kukuachia. Kwa hiyo omba kifungu kinachoruhusu kila upande kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Pasipo kifungu hicho, unasaini miaka miwili kweli. Na upande wa pili ukumbuke kwamba katika miezi sita ya kwanza kwa mwajiri mpya, ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haukuhusu.

Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa kwamba kazi yenye pesa inaweza kuisha. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikiongoza duniani, na mkoa wetu ndio uliokuwa kitovu. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yakafunga. Yapo majumba na njia za reli ndogo kutoka Muheza hadi Korogwe yanayoeleza habari hiyo kuliko mimi. Ujenzi wa bomba nao unaisha kwa tabia yake. Lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, na likishakamilika linahitaji waendeshaji wachache kuliko wajenzi. Sisemi hivi kukutisha, maana kazi ya miaka miwili inaweza kumwacha mtu akiwa amesimama vizuri. Swali la kuuliza ni utatoka na nini. Ukarani wa stoo katika mradi mkubwa unafundisha kutunza kumbukumbu, programu za kompyuta za mali na taratibu za usalama, na mambo hayo yanauzika bandarini na viwandani. Ila makarani wa stoo wapo wengi. Walimu wanaoijua vizuri Lugha ya Alama ya Tanzania ni wachache mno, na mikono isiyoitumia kila siku hupoteza wepesi.

Sasa lile la usaliti. Sitakudanganya kwamba watoto hawatapoteza kitu ukiondoka. Watoto wengi viziwi huzaliwa katika nyumba za watu wanaosikia, ambako hakuna anayejua alama, na ni katika miaka ya mwanzo ubongo hushika lugha kwa urahisi. Mtoto anayekosa mwalimu katika miaka hiyo anakosa kitu ambacho baadaye ni kigumu kukirudisha. Kwa hiyo huzuni yako ina msingi. Lakini huzuni na hatia ni vitu viwili. Kituo ambacho mwalimu mmoja akiondoka darasa linakufa kina tatizo la uongozi, na si wajibu wako kulitatua kwa mshahara uliochelewa na mkopo wa riba. Mwenzako anayelia nadhani analia pia kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa mzigo wako utamwangukia. Mhurumie. Hata hivyo machozi yake yasiingie kwenye hesabu hii.

Nirudi kwenye deni, maana hapo ndipo penye moto. Kabla ya kubadilisha kazi kwa ajili ya deni, jaribu kulibadilisha deni lenyewe. Mwombe mkopeshaji akupe kwa maandishi: ulichukua kiasi gani, umerejesha kiasi gani, riba ni asilimia ngapi, faini ni zipi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na malalamiko dhidi ya wakopeshaji hupokelewa na Benki Kuu. Akigoma kuandika, umeshajua uko na mtu wa namna gani. Kama ameshikilia kadi yako ya benki, nenda benki ukaisimamishe upewe nyingine. Kisha tafuta pesa ya bei nafuu ya kumlipa kwa mkupuo: SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kama u mwanachama, kikoba chako, au mkopo wa mshahara wa benki ikiwa mwajiri wako ana makubaliano nayo. Wakopeshaji wengi wa namna hii hupunguza faini wakiona pesa yote mezani. Usichukue kausha damu ya pili kulipa ya kwanza, hata kwa wiki moja. Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri isiyo na riba, kwa vikundi vya wanawake, ni ya kuendeshea biashara. Kikundi kikikuingiza ili ulipe deni lako binafsi, kitaanguka pamoja nawe.

Wakati huohuo, kituo chako kisibaki kimya. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kituo. Taja miaka yako sita, taja kwamba una ofa ya 1,450,000, kisha omba mambo matatu: tarehe ya mshahara isiyosogezwa, nyongeza hata kama ni ndogo, na ruhusa ya kufanya ukalimani nje ya saa za kazi. Usitishie, eleza tu ilivyo. Ukiwa hapo, hakiki pia kama michango yako ya NSSF inafika kweli kwenye mfuko. Mwajiri anayechelewesha mshahara anaweza kuwa anachelewesha na hiyo, nawe ukaja kujua siku unapoihitaji.

Hilo la ukalimani nalipa uzito mkubwa. Ujuzi wako unahitajika hospitalini, mahakamani, kwenye semina, makanisani, misikitini, kwenye harusi, na kwenye taarifa za habari. Wazazi wa watoto wako wenyewe wanahitaji kufundishwa alama jioni au Jumamosi, vilevile wauguzi. Ongea na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ujue kazi za ukalimani hupatikanaje na hulipwaje. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii, aliingia idara ya forodha ya serikali ya kikoloni kama karani mwaka 1926 na alibaki serikalini kwa miongo mitatu hivi. Kazi aliyokuwa nayo moyoni aliifanya nje ya saa za ofisi. Naamini hilo liliwezekana kwa sababu ukarani wake ulimwachia jioni. Saa 14 za Chongoleani hazitakuachia jioni, na kazi yako ya sasa inakuachia. Ukitaka kuwa na pato la pili, una nafasi zaidi ya kulijenga ukiwa hapo ulipo.

Kuna na njia ya serikali. Nafasi za walimu wa elimu maalumu hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na kikomo cha kuomba kwa kawaida ni miaka 45. Una 31, mlango huo bado uko wazi kwako hata ukienda mradini miaka miwili. Mshahara wa serikali hautafika wa mkandarasi, ila unalipwa kwa wakati, na unaendelea na kazi uliyosomea. Angalizo ni kwamba unaweza kupangiwa mbali na Tanga. Fungua akaunti na upandishe vyeti sasa hivi, uamue lolote.

Umeniuliza ufanye nini, nami sitakukimbia. Kwa ofa ilivyo leo, ningekuwa wewe nisingesaini. Saa ni nyingi mno kwa mama wa mtoto wa miaka minne anayelea peke yake, malipo kwa saa hayajapanda, na mkataba unaweza kukufunga kupita muda unaouhitaji. Nitabadili mawazo mambo mawili yakitokea. La kwanza, mkandarasi akikubali kwa maandishi saa zinazofuata sheria, saa za ziada zinazolipwa kando, na kifungu cha notisi. Hapo ni kazi ya heshima, nenda nayo ukiwa umeandika mahali inalipia nini na hadi mwezi gani. La pili, mkopeshaji akikataa kusimamisha riba na ukakosa kabisa pesa ya bei nafuu ya kumlipa. Hapo deni litakula zaidi ya kile unachokilinda, na miaka miwili ya stoo ni bei ndogo kuliko kupoteza vyombo vya ndani na usingizi. Ukienda kwa sababu hiyo, nenda bila aibu. Toa notisi ya siku 28 kama mkataba wako hausemi vingine, mfundishe atakayekushika, rekodi kwa simu alama mlizozizoea darasani, na udai hati ya utumishi, ni haki yako.

Usiniandikie mimi tena kabla hujaupeleka mkataba kwa mtu anayeweza kuushika mkononi. Afisa kazi yupo Tanga mjini, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapo. Hawalipishi kwa kusikiliza. Mkopeshaji akianza vitisho au kuja nyumbani usiku, hilo ni la polisi, na usiende peke yako. Na kama usiku huna usingizi kwa wiki nzima, chakula hakipiti, unalia bila kujua sababu, au unawaza kwamba ni bora usiwepo, usisubiri siku hizo kumi ziishe. Nenda Bombo uonane na wa afya ya akili, mwambie na mama au jirani unayemwamini asubuhi hiyohiyo. Uamuzi wa kazi unaweza kungoja. Mkandarasi anayekutaka kweli atakuongezea siku tano ukimwomba, na umwombe kesho.